Nilimwita binti yangu mwongo mbele ya mwalimu wake

Admin, naomba ulifiche jina langu vizuri, maana huku kando ya ziwa tunatambuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Kongo, naishi Nchelenge, upande wa Zambia, nauza samaki wakavu. Mume wangu ni Mwislamu, na nilipoolewa niliingia dini yake kwa hiari yangu, hakuna aliyenilazimisha. Yeye anafanya kazi Mununga, mji mwingine, na huja nyumbani mara chache. Tuna binti mmoja, nimwite Mariamu, jina linaloingia kanisani na msikitini bila kubisha hodi.

Pale tunaponunulia samaki, mtumbwi ukifika kutoka kisiwa cha Chisenga, sisi wanawake hushikana mikono na mmoja wetu huomba kwa jina la Yesu kabla samaki hawajamwagwa na kugawanywa. Asiyeshika mkono hafukuzwi, ila mgao wake huja mwisho, dagaa waliopondeka. Nilishika mkono siku ya kwanza nikijiambia ni biashara tu. Kwa kuwa nina sauti, wakaanza kunipa mimi niombe. Hadi leo wananiita mama wa maombi, na hawajui nyumbani kwangu tunasali vipi.

Shuleni kwa Mariamu, shule ya serikali, kila darasa lina wiki yake ya kuongoza sala kwenye paredi ya asubuhi. Mtoto mmoja anaomba, mwingine anasoma Biblia. Zamu ya darasa lao ilipofika, mwalimu akamchagua Mariamu asome. Mtoto akamwambia, kwa adabu, kwamba kwao ni Waislamu. Alisema peke yake, sikumtuma.

Asubuhi ile wazazi tulikuwa tumeitwa kikao, tukafika paredi bado haijaanza. Mwalimu akanifuata pale niliposimama, Mariamu kando yake. Mwalimu yule si mtu mbaya. Aliniambia, "Mama, ukisema tu ni kweli, atasimama pembeni, hakuna shida." Neno moja tu lilitakiwa. Lakini bega kwa bega na mimi alikuwa Mama Chanda, ambaye tunagawana naye samaki wa mtumbwi mmoja, na nyuma yake wengine watatu wa kundi letu, wote wamenitegea masikio.

Nikacheka. Nikasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, ambako bongo ni uongo, "Ni bongo, mwalimu. Huyu mutoto iko muvivu tu, anaogopa kusoma."

Mama Chanda naye akacheka, akasema mtoto wa mama wa maombi akimbie Biblia, haya ni maajabu. Mariamu aliniangalia. Akaenda mbele akasoma, tena vizuri, maneno ya kuheshimu baba na mama, na shule nzima ikampigia makofi. Mimi nilipiga pia. Mikono hii, ndugu zangu, nikiikumbuka naona haya kuishikisha hata sabuni.

Jioni aliniuliza jambo moja tu: "Mama, juu ya nini ulisema niko mubongo?" Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Tangu siku hiyo hasali. Zamani alikuwa ananiamsha yeye alfajiri. Sasa nikitandika mkeka anageukia ukuta, na shuleni wenzake wakifumba macho, mwalimu anasema yeye anatazama ziwa tu. Nilitaka kulinda sahani ya mtoto, nikamwondolea alichokuwa nacho moyoni. Nikisema ukweli kwa wenzangu, nitapoteza nafasi yangu kwenye mtumbwi, na samaki hao ndio wanaomvalisha sare. Nikinyamaza, nampoteza yeye nikimwona.

Msinitukane sana, nimeshajitukana mwenyewe vya kutosha. Mume wangu anakuja Ijumaa hii, na kila akija humwita binti yake wasali pamoja. Jana Mariamu, akiwa anaosha vyombo, hata hakugeuka, akaniambia: "Mama, baba akiniuliza sisi ni batu ya dini gani, niseme ile ulisema ku masomo mbele ya mwalimu, ao ile nilisema mimi?"

Nyinyi mliolea watoto, nishaurini, nimwambie nini mwanangu kabla baba yake hajafika?