Mfua jezi wa Kakamega atafuta alikozaliwa ili mjukuu achezee Kenya

Ni Jumatatu, saa moja kasorobo asubuhi, na Selpher Navalayo tayari ameinamia karai la pili. Nyuma ya bweni la shule moja ya wavulana mjini Kakamega, jezi kumi na tano za raga zimelowekwa tangu jana, na maji yamegeuka rangi ya uji wa wimbi.

Anainua jezi moja, anaigeuza, anaitazama mgongoni.

"Huyu hakucheza," anasema. "Alikuwa anakimbiakimbia kando akiogopa kuguswa. Tope la mtu wa kazi hukaa mabegani."

Mwenzake, Musimbi, anacheka huku akikamua soksi. Navalayo hampi nafasi ya kupumzika.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina watoto kumi na tano. Jumatatu nawaogesha wote, Jumamosi wananirudia kama sijawahi kuwagusa."

"Hicho ulitega wiki jana, Mama Dorothy. Leta kingine."

Navalayo anafikiri kidogo, povu likimdondoka viwikoni. "Haya. Kijana mmoja ana nchi tatu. Moja amezaliwa yeye, moja amezaliwa mama yake, moja amezaliwa nyanya yake. Na katika hizo tatu anaitaka ile ya nyanya."

"Hicho si kitendawili," Musimbi anasema. "Hiyo ni familia yako."

Ni kweli, na ndiyo familia iliyomfanya mama huyu wa miaka sitini na mitano apande na kushuka ngazi za ofisi za serikali mwezi mzima wa Agosti, akitafuta kitu ambacho watu wengi hupewa bila kuomba: mahali pa kuzaliwa.

Navalayo amefua nguo za michezo shuleni hapa kwa miaka kumi na minane. Hulipwa shilingi elfu mbili na mia sita kwa mwezi, na mia tano kati ya hizo huenda kwa mwenye chumba anachopanga Amalemba. Vidole vyake vimepasuka kwa sabuni na havikunjiki vizuri asubuhi za baridi. Hata hivyo hakuna aliyewahi kusikia jezi imepotea mikononi mwake.

Habari yenyewe ilianza Juni, barua ilipofika kutoka kwa bintiye, Dorothy, ambaye ni muuguzi kaskazini mwa Uingereza. Mwanawe Dorothy, Mathew, mwenye miaka ishirini na mitatu, hucheza raga huko, lakini si raga hii ya Kakamega. Yake huitwa ligi, na huchezwa na watu kumi na watatu kila upande.

Navalayo alimpelekea Bramwel Shikanga, mwalimu wa michezo, barua hiyo amsomee vizuri.

"Kumi na watatu?" aliuliza. "Na wale wawili wengine wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu, mama. Ndivyo mchezo wenyewe ulivyo."

"Basi mfuaji wa huko ana bahati."

Barua ilieleza kwamba Wakenya wanaoishi Uingereza, wengi wao wanafunzi na vibarua, walikuwa wanaunda timu ya kuingia katika mashindano madogo ya nchi changa mwezi wa Oktoba. Sheria ya mashindano ni hii: mchezaji huchezea nchi aliyozaliwa yeye mwenyewe, au mzazi wake, au babu au nyanya yake. Kila mmoja alete cheti kabla ya mwisho wa Agosti. Asiye na cheti, nje.

"Walikuwa wamejihesabu wakaona shida," Mwalimu Bramwel anasema. "Vijana wa mbio wanao. Lakini pale katikati, watu wanapogongana kifua kwa kifua, hawakuwa na hata mmoja aliyeizoea ligi. Mathew ana kilo mia moja na sita na amecheza tangu utotoni. Akiwamo, hiyo ni timu. Asipokuwamo, wanaenda kupigwa picha."

Si kila mtu shuleni aliyefurahi. Chumba cha walimu kiligawanyika. Wengine walisema timu ya wajukuu si timu ya Kenya, kwamba kijana asiyejua hata kuomba maji kwa Kiswahili hawezi kuvaa bendera yetu kifuani.

Navalayo aliposimuliwa, hakubishana sana.

"Mimi sijui sheria zao," anasema akianika jezi kwenye kamba. "Lakini huyo mtoto ana magoti ya baba yangu. Nimeyaona kwenye picha."

Magoti, hata hivyo, hayapigwi muhuri. Mama yake Mathew alizaliwa Jinja, Uganda, ambako mumewe Navalayo, marehemu Wandera, mwenyewe mzaliwa wa nchi hiyo hiyo, alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Kwa hiyo upande wa mama, Kenya haikuwa na dai. Baba yake ni Mwingereza. Njia ya kuja Kenya ilikuwa moja tu, nayo ilipita kwa nyanya.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Navalayo hajawahi kuwa na cheti cha kuzaliwa. Alipokwenda kuomba cha kuchelewa, karani alimtaka alete karatasi yoyote ya zamani iliyotaja alikozaliwa. Alikuwa nayo moja tu, cheti chake cha ndoa cha mwaka 1950, kilichokunjwa hadi kikachanika katikati.

Karani alikisoma, akamtazama, akakisoma tena.

"Mama, hapa wamesema umezaliwa Samia, ng'ambo ya mpaka. Wewe ni wa Uganda."

"Mimi ni wa Malava, hapa hapa Kakamega."

"Malava haipo hapa. Nani alimwambia padri umezaliwa Samia?"

"Ni mimi nilimwambia."

Anaposimulia hayo, Navalayo anafunika uso kwa kiganja chenye povu na mabega yanamtikisika kwa kicheko. Alikuwa na miaka kumi na saba. Shangazi zake walikuwa wamemfunza kabla ya kuondoka nyumbani: bibi arusi akitajataja kwa baba yake, wakwe watasema moyo wake haujahama, atatoroka. Tangu siku hiyo, kwao ni kwa mume.

"Padri akaniuliza, umezaliwa wapi? Na mama mkwe amesimama hapa, nyuma ya bega langu, nasikia pumzi yake. Ungekuwa wewe ungesema Malava? Nikataja kwa Wandera. Mama mkwe akafurahi sana. Alinipa kuku."

Kwa kuku huyo, miaka arobaini na minane baadaye, timu ilikaribia kumkosa mtu wake wa katikati.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kuna njia: alete mtu wa ukoo aliyekuwapo alipozaliwa, aape mbele ya naibu wa chifu wa huko Malava. Watu waliokuwapo wamebaki wangapi? Mmoja. Kaka yake, Shitanda, mwenye miaka sabini na mitatu.

Navalayo alikaa siku nne bila kwenda. Musimbi alimwona anafua jezi ile ile mara mbili.

"Ningemwambia nini?" anasema.

Wandera alipofariki mwaka 1979, Navalayo alirudi kwa kaka yake na mzigo mmoja wa nguo. Alilala jikoni kwa mwezi mmoja. Shamba ni ekari mbili na nusu, na Shitanda ana wana watatu. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna pia aliyemwambia hapa ndipo mahali pako. Asubuhi moja akafunga mzigo, akaja mjini kutafuta kibarua.

Jumapili ya tatu ya Agosti alimkuta Shitanda akipukuchua mahindi mbele ya nyumba. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za mvua na za watoto. Kisha akaeleza kilichomleta.

Mzee aliacha kupukuchua.

"Kwa hiyo unataka chifu aandike kwamba wewe ni wa hapa."

"Kwamba nilizaliwa hapa."

"Na karatasi hiyo ikishaandikwa? Navalayo, mimi ni mzee lakini si mjinga. Kesho huyo mzungu wako anakuja na mwanasheria kupima shamba."

"Huyo mtoto akipewa jembe atauliza linawashiwa wapi."

Shitanda hakucheka. Alisema wanawe hawatakubali. Alisema mambo ya karatasi yameua nyumba nyingi. Navalayo alimsikiliza hadi mwisho, kisha akachukua gunzi mkononi mwa kaka yake na kulimalizia kupukuchua.

"Sitaki shamba lako, mwana wefwe," alimwambia, yaani mtoto wa kwetu. "Sitaki hata kitalu cha mboga. Nataka kuzaliwa tu. Hilo nalo litapunguza ekari?"

Mzee aliwatazama kuku wakidonoa punje miguuni pake. Kisha kicheko kikamtoka puani, kwanza kidogo, halafu kingi, mpaka mkewe akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Kesho yake alivaa koti lake la kanisani na kwenda kwa naibu wa chifu akiwa wa kwanza kwenye foleni. Aliapa kwamba Navalayo alizaliwa nyumbani kwa baba yao mwaka wazungu walipojaa Kakamega kuchimba dhahabu, miaka miwili baada ya nzige. Yeye alikuwa na miaka minane. Alitumwa mbio kumwita shangazi, akaanguka mtoni na kupoteza mkufu wa shanga, akachapwa, na aliporudi uani alisikia mtoto analia.

"Andika na hayo ya kuchapwa," alimwambia naibu wa chifu. "Ndiyo yanayonifanya nikumbuke."

Naibu wa chifu aliyaandika.

Walipotoka ofisini, Shitanda hakumsindikiza dada yake barabarani kama alivyotarajia. Alimrudisha nyumbani, akapita naye nyuma ya zizi hadi kwenye shina la migomba, akachora mstari kwa fimbo.

"Nyumba ya mama ilianzia hapa ikaishia pale," alisema. "Mlango ulikuwa huku. Wewe ulizaliwa upande ule, karibu na mafiga."

Navalayo alikuwa hajawahi kuonyeshwa. Aliondoka Malava akiwa msichana, na wasichana hawakuwa wanauliza mambo hayo.

"Nilisimama tu," anasema. "Miguu ilikataa kutoka."

Cheti kilitoka Alhamisi, siku nne kabla ya mwisho wa Agosti. Mwalimu Bramwel alikituma kwa faksi kutoka posta pamoja na kile cha Dorothy na cha Mathew, ili wale watu waone nyanya, mama na mtoto wamefuatana. Karatasi ilikwama mara mbili kwenye mashine. Mara ya tatu ikapita.

Jibu lilikuja Jumanne kwa simu ya ofisi ya shule. Alikuwa Mathew mwenyewe. Kiswahili chake ni cha maneno machache aliyofunzwa na mama yake, na Kiingereza cha Navalayo ni cha darasa la nne, kwa hiyo mazungumzo hayakuwa marefu.

"Kukhu," Mathew alisema, akimwita nyanya kwa Kiluhya. "Mimi Kenya."

"Wewe Kenya," alimjibu. "Sasa kula."

Mathew sasa ni mmoja wa wachezaji wanne walioingia timuni kwa njia ya babu na nyanya. Mwalimu Bramwel hadai kwamba watashinda. Anasema mwaka huu itatosha wakifungwa kwa aibu ndogo, na kwamba timu ya miaka ijayo itajengwa na vijana wa hapa hapa watakaofunzwa ligi na hao wajukuu. Tayari ameomba nafasi nyuma ya uwanja, Jumatano jioni, kuwajaribisha vijana wake kumi na watatu kwa kumi na watatu.

Mechi ya kwanza ni Jumamosi ya tatu ya Oktoba. Hakuna televisheni itakayoionyesha. Dorothy ameahidi kupiga simu kutoka uwanjani kipindi cha pili, na mwalimu mkuu amekubali ofisi ifunguliwe.

Mwezi wa Desemba, Mathew akipata likizo, atakuja kwa mara ya kwanza. Navalayo alikuwa amepanga kumpokea Amalemba, katika chumba chake kimoja, na kuazima godoro kwa Musimbi. Wiki iliyopita mpango ulibadilika. Shitanda alituma ujumbe kwamba kijana afikie Malava, kwamba jogoo amekwisha kutengwa, na kwamba wanawe wameanza kukata miti ya kujenga kibanda pale penye migomba.

"Amesema si cha mgeni," Navalayo anasema, akikung'uta jezi ya mwisho hadi maji yanaruka. "Mgeni atalala humo siku mbili, tatu, arudi kwao. Mimi ndiye niliyeulizwa mlango utazame wapi."

Amekwisha kuwajibu. Utazame huku, upande wa barabara, aone anayekuja.