Ombi la Jumatano

Nilishuka Majengo badala ya Ziwani kwa kiburi tu, nikidhani nimeshazoea miji kiasi cha kutopotea. Nikapotea. Begi lilikuwa begani, furushi la dagaa wa Mwanza mkononi, na mfukoni barua ya Shiundu, fundi wa mashine za pamba niliyepanga naye nyumba moja kule Mwanza kwa miezi minne. "Ukipita Nairobi mpelekee dada yangu," aliniambia. "Muulize mtu yeyote Ziwani." Ilikuwa Jumamosi ya Agosti 1996, baridi ile ya Nairobi yenye mawingu yasiyonyesha, na watu watatu niliowauliza njia walinipa njia tatu.

Hatimaye nilitokea kwenye safu za nyumba za zamani za baraza la jiji. Mama mmoja wa mboga, Wacuka, alikuwa amekaa kwenye kona akikatakata sukuma wiki.

"Natafuta nyumba ya Triza Nasambu," nikamwambia. "Anashona nguo."

"Triza wetu? Wa dawa za kichwa?" Kisu chake hakikusimama. "Maskini. Jumatano tulimwombea mpaka sauti zikakauka. Ati siku moja alikaa kando ya reli tangu asubuhi, akingoja treni. Lakini Mungu ni nani? Yuko. Pita hapo, mlango wa tatu, wa samawati. Na hiyo samaki yako inanuka, ndugu, usimame nayo mbali na mboga zangu."

Alisema yote bila ubaya, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Triza alifungua mlango akiwa na utepe wa kupimia shingoni. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye kicheko cha haraka. Alinusa furushi kabla hajanisalimu. "Shiundu! Huyo hatabadilika. Badala ya kunitumia picha yake ananitumia harufu." Akanipa kiti, akasoma barua amesimama, akacheka tena mahali fulani katikati ya ukurasa wa pili. Chumba kilikuwa kimoja. Cherehani dirishani, rundo la suruali za mitumba za kupunguzwa, na pembeni godoro lililoviringishwa na kufungwa kwa kamba ya katani, limesimama wima. Mtu hawezi kulalia godoro lililosimama, ndivyo alivyonieleza baadaye. Ndiyo maana alilifunga kila asubuhi.

Nilitaka kusema jambo zuri juu ya mtaa wake. "Una majirani wema," nikasema. "Mama wa mboga ameniambia kanisa zima lilikuombea Jumatano."

"Liliniombea nini?"

Hapo ilinipasa kunyamaza. Nimewahi kunyamaza mahali pengi kwa mambo madogo kuliko hilo. Lakini nilidhani anajua, nikamwambia: dawa, na siku ile ya reli.

Alikunja barua mara mbili, kisha mara ya tatu, ikawa ndogo kama stempu.

"Reli," alisema. "Amesema reli?"

"Ndiyo."

"Reli anaijua mtu mmoja."

Mtu huyo aliitwa Nthoki, mke wa Muasya, dereva wa lori, mlango wa nne. Triza alinisimulia akiwa amenipa mgongo, mguu ukikanyaga cherehani bila kitambaa ndani yake.

Miaka miwili nyuma, kiwanda cha nyuzi alichokifanyia kazi miaka kumi na moja kilifungwa. Alilia wiki moja kama watu wote waliofungiwa lango siku ile. Kisha machozi yakaisha, na kilichokuja baada ya machozi hakikuwa na jina kwao Bungoma. Alilala tangu Pasaka hadi Juni. Alijua nje kuna jua, alijua bombani kuna maji, ila kutoka kitandani hadi bombani palikuwa mbali kuliko kwao. Alijaribu kusali, maneno yakawa yanatoka kama mtu anayesoma namba za simu. Siku moja akainuka, akaenda kukaa kando ya reli. Jioni akarudi. Wakati ule hakumwambia mtu, hata Shiundu.

Katika kanisa lao wanawake hupangwa wawili wawili. Kila mmoja ana mwenzi wa maombi, unamwambia yote, naye anayapeleka kwa Mungu tu. Nthoki alikuwa wake. Ndiye aliyeingia bila kubisha, akafungua dirisha, akamshika mkono hadi zahanati. Muuguzi alisema huu ni ugonjwa wa huzuni, akaandika vidonge, akaongeza: asikae peke yake, atembee kila siku, ale chakula cha kweli, alale mapema. Nthoki alilichukua agizo lile kama Amri Kumi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mlangoni. Walitembea wawili katikati ya msafara wa wafanyakazi wanaokwenda viwandani, hadi Makadara karibu na mahakama, na kurudi. Alimkataza kuishi kwa chai na mkate, akamletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe. Zaburi alimsomesha kwa sauti, amesimama. "Ukisoma umelala," alimwambia, "utasinzia kabla Daudi hajafika kwenye shukrani."

Mwaka uliofuata kanisa lilimpa Triza watoto wa shule ya Jumapili, karibu sitini.

"Hao ndio waliniponya nusu iliyobaki," alisema. "Mtoto hakuulizi unajisikiaje. Anakuambia mwalimu, huyu amenipiga."

"Na dawa?"

"Nameza. Ni yeye tu anayejua. Reli nilimwambia hapo ulipokaa, amenishika mikono yote miwili."

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Mwanamke mfupi mnene aliingia na sufuria iliyofunikwa kwa sahani.

"Mgeni! Karibu, karibu. Triza, mbona hukuniambia? Hii ingekuwa na nyama."

"Nthoki. Jumatano mliomba nini?"

Sufuria ilibaki mikononi. "Maombi tu. Wagonjwa, wanafunzi..."

"Wagonjwa gani?"

"Triza, wiki iliyopita ulikosa kutembea siku mbili. Nilibisha, hukufungua. Niliogopa."

"Nilikuwa na suruali arobaini za soko la Gikomba! Nilikuambia."

"Ulisema kupitia mlango. Sauti yako ilikuwa kama ile ya zamani." Nthoki aliweka sufuria chini. "Nilisimama, nikasema dada yetu anahitaji kubebwa kwa maombi. Mzee Luseno akauliza, kubebwa kwa lipi? Ukiombea mtu lazima useme lipi."

"Ukawaambia reli."

"Walikuwa wananisikiliza," alisema Nthoki polepole, na nafikiri ndilo neno la kweli kuliko yote aliyosema siku ile. "Wote. Hata wale wa mbele."

Triza alichukua sufuria, akaiweka mikononi mwa Nthoki tena, akamfungulia mlango. Kisha, saa kumi na moja jioni, mwanga wa kutosha kutunga sindano ukiwa bado upo, alifungua kamba ya godoro na kulitandika. Nikaelewa kwamba napaswa kuondoka, na nikaelewa pia kwamba kuondoka kwangu si salama.

Nilipewa kitanda cha ziada kwa Nthoki, kwa sababu mgeni wa kiume hawezi kulala kwa mwanamke asiye na mume, na hakukuwa na pengine. Muasya alikuwa mezani akila.

"Kwani Mungu hakumjua bila hadithi ya reli?" alimuuliza mkewe. "Ulikuwa unampa anwani?"

"Kula chakula chako."

"Nakula. Mimi nauliza tu. Mimi nikiwa na siri namwambia lori langu. Halijawahi kusimama kanisani."

Nthoki hakucheka. "Nilimtoa kitandani kwa mikono hii," alinigeukia. "Wewe umetembea dunia, niambie. Mtu aliyekutoa shimoni anaweza kuwa adui yako kwa sentensi moja?"

Nilisema nadhani inategemea sentensi.

Alfajiri nilimsikia Nthoki akitoka, akibisha mlango wa jirani, akiita kwa sauti ya chini, akibisha tena. Alirudi na viatu vyake vya kutembelea mkononi. Hakufunguliwa.

Saa mbili nilikwenda mwenyewe. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Triza alikuwa amekaa juu ya godoro, nywele wazi, Biblia imefungwa mapajani. Uji aliochemsha ulikuwa umeganda utando juu, na pembeni yake kidonge kimoja kwenye kisahani. Aliniangalia kama mtu anayeangalia gari likipita.

"Sijui kama nitainuka," alisema. "Nakuambia kwa sababu wewe utaondoka."

Mzee Luseno alikuwa ameshapiga hodi. Alikuwa katibu wa kanisa, koti la kijivu, kofia kifuani. Nthoki alisimama nyuma yake uani, amevaa nguo za ibada.

"Bwana asifiwe, dada Triza."

"Asifiwe."

"Sitakaa. Kamati imeonelea upumzike kidogo na watoto. Dada Njoki atawafundisha."

"Kamati ilikaa lini?"

"Alhamisi."

"Mkaniuliza?"

"Hatukutaka kukusumbua katika hali yako."

"Hali yangu." Alitamka neno kwa neno, kama anayesoma lebo ndani ya kola. "Mzee, mwaka mzima nimekaa na watoto wenu. Kuna aliyerudi nyumbani analia?"

"Hapana. Lakini wazazi wana hofu. Hizo dawa..."

Triza aliinuka. Sijui hasira ilimpandia wapi, lakini ilimpandisha mzima. Alichukua kidonge, akakiinua karibu na macho ya mzee.

"Ndiyo hii. Angalia vizuri uwaeleze. Naimeza na uji, halafu nasoma zaburi. Sijawahi kuacha moja kwa ajili ya nyingine." Akakimeza, akanywa ule uji wa baridi hadi mwisho, mzee akimtazama koo. "Leo wakati wa ushuhuda upo? Ama kamati imeupumzisha pia?"

"Ushuhuda... upo. Ushuhuda ni wa kila mtu."

"Basi nisubirini nje nivae."

Tulisubiri uani. Alitoka na kitambaa cheupe kichwani, macho yamevimba, Biblia kwapani. Nthoki alisogea mbele.

"Twende wote. Nitasimama nawe, Triza. Nitawaambia nilikosea."

"Wewe baki."

"Nasambu..."

"Umeshanisemea. Kama ni kusemwa, leo najisema mwenyewe. Nikikuona pale mbele nitaangalia uso wako, na nikiuangalia nitasahau maneno." Alikaza fundo la kitambaa kichwani. "Nilikuwa na mtu mmoja, Nthoki. Mmoja tu."

Akanigeukia, akaniambia nisiache dagaa juani, na kwamba barua ya Shiundu ataijibu kesho.

Aliondoka bila kuangalia nyuma, kwa hatua zile ndefu za watu wanaokwenda Makadara na kurudi kabla ya jua kukolea. Wacuka alimsalimu, naye akaitikia kwa sauti kubwa iliyotufikia sote. Mzee Luseno alijaribu kutembea naye sambamba, akashindwa, akaanza kukimbia kidogo kidogo, kofia mkononi.

Nthoki alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa samawati, miguu pamoja, Biblia juu ya magoti.

"Atanitaja?" aliniuliza. "Unafikiri atasema ni mimi?"