Udaktari Wangu wa Guangzhou na Watoto Waliojibu "Sijui"

Nilikwenda China kusomea akili za watoto. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu hapa Makambako ambao hadi leo wanadhani nilifuata simu za kuuza. Mimi nilianza na cheti cha ualimu Daraja la Tatu A. Kidato cha sita nilikifanya kwa kujitegemea, nikasoma diploma, kisha shahada, kisha shahada ya pili, bila mjomba serikalini wala baba mwenye duka. Miaka yote niliyofundisha darasa la kwanza nilijiuliza mtoto anajifunzaje kufikiri kabla hajafika kwangu. Ufadhili wa masomo ya udaktari ulipotangazwa, nikaomba saikolojia ya makuzi. Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani.

"Yaani unapanda ndege kwenda kutazama watoto wanacheza?"

"Ndiyo, Mkuu. Na nikirudi utaniita Daktari."

Ananiita.

Niliondoka Dar es Salaam mwaka ule wa Olimpiki ya Beijing. Dubai tulibadilisha ndege, na hapo nikakaa kiti cha pembeni ya mama wa Kinyakyusa aliyekuwa akinunua jinzi Guangzhou na kuzipeleka Mwanjelwa, Mbeya. Jina lake Mama Atu. Alikuwa akiishi kule na mumewe na binti yao, Atupele. Nilipomweleza ninachokwenda kusoma, alinitazama kama mtu anayeangalia mshono wenye kasoro.

"Miaka mingapi, Mwalimu?"

"Minne, na lugha ndani yake."

"Haya. Mimi nimezaa na kulea bila hiyo minne. Ukikwama, uliza Mama Atu pale Xiaobei, mtaa wetu Waafrika."

Tulishuka uwanja wa ndege wa Baiyun, Guangzhou, asubuhi, joto likatupokea mlangoni kama mvuke wa sufuria. Mwaka wa kwanza wote ukaishia kwenye Kichina. Wenzangu walikuwa wakilala mchana. Mimi nilikariri herufi nikitembea, nikila, hata nikioga. Mwisho wa mwaka nilikuwa wa kwanza katika darasa letu la wageni, na cheti kipo ukutani kwangu, anayetaka kukiona anakaribishwa.

Mwaka wa pili nilianza utafiti. Nilichagua watoto wa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki, wa miaka minne hadi sita, nipime namna wanavyokumbuka na kusimulia mambo yaliyowapata. Mama Atu alinitafutia familia. Lakini ulikuwa mwaka wa misako. Polisi walisimama kwenye ngazi za majengo ya Xiaobei wakikagua pasipoti na viza, na watu wengine, hata wenye karatasi safi, walizoea kushukia mlango wa nyuma.

Jumamosi ya kwanza nilivaa shati jeupe, nikaning'iniza shingoni kitambulisho cha chuo, nikabeba faili. Nilijivunia kitambulisho kile. Nikakaa mbele ya Atu, wakati huo ana miaka mitano, nikafungua ukurasa wa kwanza wa dodoso.

"Unaitwa nani?"

"Sijui."

"Baba anafanya kazi gani?"

"Sijui."

"Jana mlikwenda wapi?"

"Sijui."

Nikaenda nyumba ya pili. Sijui. Ya tatu, sijui. Wiki tano nilizunguka, na watoto karibu wote walinipa jibu hilo hilo, wakinitazama usoni bila kupepesa.

Profesa wangu, Mama Lin, alikuwa mtu wa maneno machache. Alipitia karatasi zangu zilizojaa sifuri.

"Ama watoto hawa wamechelewa, ama wewe hujui kuuliza. Muhula ukiisha hivi, utabadili mada."

Kubadili mada kulikuwa na maana moja: ufadhili ungekwisha kabla sijamaliza, ningerudi Makambako na begi na hadithi. Hapo nikafanya jambo ambalo sijivunii. Nilianza kuandika kwamba watoto wale wamechelewa kimakuzi. Nilikuwa na sifuri zote za kuthibitisha.

Kabla sijaikabidhi sura hiyo, nilirudi kwa Mama Atu nimjaribu mtoto kwa mara ya mwisho. Faili mkononi, kitambulisho kifuani. Sijui, sijui, sijui. Kutoka jikoni, alikokuwa akisonga ugali, mama alicheka mpaka mwiko ukadondoka.

"Mwalimu, huyo humwezi. Hata polisi wamemshindwa!"

"Polisi wamefanyaje?"

"Wiki iliyopita wamemkuta kwenye ngazi. Wamevaa kama wewe, kadi shingoni, daftari mkononi. Wakamuuliza kama wewe: jina, baba, mnakaa ghorofa ya ngapi. Akawajibu kwa Kichina kilichonyooka kuliko chako: sijui. Sisi ndio tumewafundisha, watoto wote wa hapa. Hukujua?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza mimi! Wewe msomi, nikajua unapima hilo hilo."

Nilikaa. Niliona aibu, halafu furaha ikanijia kwa kasi. Mtoto wa miaka mitano mara nyingi hushindwa kuficha hata zawadi ya sikukuu. Jibu likimjia hutoka. Hawa walikuwa na jibu mdomoni na wakalizuia, mbele ya mtu mzima, wiki baada ya wiki. Niliwapa sifuri kwa kazi ngumu kuliko ile niliyowapa mimi.

Profesa alinisikiliza, akasema maelezo ya mama jikoni si data. Nikamwomba aje aone.

Jumatano tulipanda basi, saa moja na zaidi, hadi Xintang, mji wa karakana za jinzi. Mama Atu alikuwa akikagua mzigo kabla haujafungwa kwenye kontena: zipu, mishono, vifungo. Atu na watoto wengine walikuwa chini wakicheza na vifungo vilivyokataliwa. Mwenye karakana, ambaye kila mtu humwita laoban, alituletea viti. Profesa akamuuliza Atu jina lake, kalamu mkononi.

"Sijui," akajibu kwa Kichina.

Profesa akaweka daftari ndani ya mkoba, akaacha kiti, akakaa juu ya rundo la suruali. Akaanza kukunja. Alikunja vibaya. Atu alivumilia suruali mbili, ya tatu akashindwa.

"Siyo hivyo, bibi. Mguu juu ya mguu, halafu mara mbili."

Kutoka hapo hakunyamaza. Alisimulia siku zipu mia zilipokwama, nani alipiga kelele, laoban alijitetea vipi, mama akamjibu nini, tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Kisha mwenyewe akasema, "Ila polisi walipokuja sikuwaambia."

"Kwa nini?" Profesa akauliza polepole.

"Mama kasema mwenye karatasi haambiwi."

"Na mimi?"

Atu akamkagua mikono. "Wewe huna karatasi."

Profesa alimgeukia Mama Atu, akamuuliza kama anaruhusu haya yaandikwe. Nikatafsiri.

"Mwambie aandike yote, isipokuwa jengo tunalokaa."

"Jengo si sayansi," Profesa akajibu. Basi lilipokaribia chuo, akanigeukia. "Anza upya. Mada ni hii: mtoto anajuaje nani wa kumwambia. Usirudi kwao na faili."

Nilianza upya. Nilikunja suruali Xintang Jumamosi na Jumatano mpaka laoban akaniuliza nataka mshahara gani. Kila familia niliomba ruhusa kwanza, na jioni, nikiwa peke yangu, ndipo niliandika. Maneno ya watoto yalijaa madaftari. Wakati wa utetezi wa tasnifu mjumbe mmoja wa jopo alinibana: huenda watoto walikuwa na haya tu? Nikamsomea majibu ya Atu, neno kwa neno, kabla na baada ya karatasi kuondoka. Wajumbe wakatoka nje dakika chache, wakarudi wakiniita Daktari, kwa Kichina. Mimi, mwalimu wa Daraja la Tatu A.

Nimerudi, nafundisha chuo cha ualimu, jina langu na cheo changu vipo mlangoni kwa herufi kubwa. Kila mwaka nawapeleka wanafunzi shule za awali, na nimewapiga marufuku kuandika kwenye ripoti kwamba mtoto "hajui". Wanaandika "hakuniambia".

Mwaka huu msichana mmoja alinyoosha mkono. "Daktari, na kama kweli hajui?"

"Andika hakuniambia," nikamwambia. "Kesho rudi, mkalishe karibu, mfanye kazi pamoja."

Alirudi siku tatu mfululizo. Siku ya nne aliniletea kurasa sita.