Lastiki ya Fundi Kondo

Fundi Kondo haupendi mwezi wa Januari. Mafundi wenzake wa Tandika huusubiri kama sikukuu, maana shule zinafunguliwa na kila mzazi anataka sare yake jana. Yeye akiona mstari wa watoto mbele ya baraza, mgongo unaanza kumuuma hata kabla hajakaa kwenye cherehani. Ameshona sare kwa miaka thelathini na moja, na sidhani kama Temeke nzima kuna mtu aliyeipima miili ya wanafunzi kumshinda.

Zamani, anasema, shida ilikuwa suruali kuvuka. Mama alikuwa akisema, "Acha pana fundi, atakua," na mtoto alikua kweli, lakini kwenda juu. Kazi ya fundi ilikuwa kushusha pindo. Siku hizi pindo linakaa palepale, na anachofumua ni mishono ya ubavuni. Mwanzoni alidhani kosa ni vitambaa, kwamba vinasinyaa vikifuliwa. Akagombana na muuza vitambaa mwaka mzima, wakafika mahali hawasalimiani. Kisha akakata kipande, akakipima, akakifua, akakianika, akakipima tena. Kilikuwa vilevile. Ilimbidi aende kuomba radhi, na kwa mtu mwenye kiburi chake hiyo si kazi ndogo.

Nusaiba aliletwa kwake na mama yake alipokuwa anaingia kidato cha kwanza. Mama huyo, Mwajabu, ni mjane mwenye duka la vitenge Kariakoo. Kiuno cha binti kilikuwa inchi ishirini na nane. Fundi aliandika kwenye daftari lake, kama anavyomwandika kila mteja, akashona, mambo yakaisha.

Mwezi wa nane mwaka huohuo Nusaiba alirudi peke yake, sweta limefungwa kiunoni. Alikuwa ameinama darasani kuokota kalamu, sketi ikaachia nyuma. Darasa zima lilicheka, mpaka mwalimu. Tangu saa tatu hadi jioni hakunyanyuka kwenye kiti, hata chooni hakwenda.

"Shikamoo babu," alisema. "Naomba uitengeneze. Ila usimwambie mama."

"Marahaba mjukuu wangu. Kwa nini nisimwambie?"

"Atakuja shuleni kugombana. Watanicheka zaidi."

Fundi alimpima. Thelathini na moja. Akafikiri kidogo, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanafunzi: akafumua mkanda wa kiuno upande wa nyuma, akaingiza lastiki pana, akaifunika kwa kitambaa kilekile. Blauzi ikishuka juu yake, huoni kitu. Alipokuwa anashona, alimdodosa anavyokula na anavyoshinda.

Basi la shule linamchukua mlangoni saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo chai hanywi. Mapumziko anakula chipsi mayai na soda, kwa sababu ndizo zinazouzwa pale kwenye uzio. Kiwanja cha mpira kimejengwa fremu za maduka. Masomo yakiisha kuna tuisheni, na basi linamrudisha magharibi. Nyumbani anakaa na simu mpaka mama arudi kutoka Kariakoo na mfuko wa kuku wa kukaanga, maana naye kachoka, hawezi kusimama jikoni.

"Sasa unacheza saa ngapi?"

"Kucheza nini babu?" aliuliza Nusaiba, na hakuwa anatania.

Ijumaa moja Fundi Kondo alipiga moyo konde. Mwajabu alikuwa amepita kuchukua magauni yake, naye akamwambia kwa upole kwamba binti anaongezeka haraka, labda amwangalie. Mwajabu alicheka kwanza, halafu akaacha.

"Fundi, baba yake alipokuwa anaumwa sote tulikonda nyumba ile. Unajua watu wa mtaa huu walisema nini? Walituhesabia siku. Leo mwanangu ana afya, kanawiri, waje wamtazame vizuri."

Fundi akameza maneno yake. Utamwambia nini mwanamke aliyezika mume huku majirani wananong'ona? Nami simlaumu kwa kunyamaza siku ile. Namlaumu kwa yaliyofuata, na yeye mwenyewe anajilaumu.

Kwa sababu Nusaiba alirudi tena. Kila baada ya miezi michache alishuka kwenye basi kituo kimoja kabla ya kwao, akaingia barazani na sketi ileile. Fundi alifumua ubavuni, akaongeza lastiki, akafunika. Alitafuta hadi kitambaa cha rangi iliyopauka ili kiraka kisijulikane. Binti akiivaa na kuona inafunga, uso unamchangamka, anaondoka anaimba. Mzee aliutegemea uchangamfu ule. Siku hizo alikuwa amechoka na kila kitu, macho, mgongo, wateja, na hapa palikuwa na mtu mmoja anayeondoka kwake na furaha.

Mwaka huu mwezi wa sita, mchana wa jua kali, Mwajabu alikuja barazani akiwa na mfuko wa nailoni. Saa zile si za yeye kuwa mbali na duka. Hakusalimia. Alitoa sketi, akaipindua, akavuta mkanda wa nyuma ukatanuka mkono mzima.

"Hii kazi yako?"

"Yangu."

Nusaiba alikuwa ameanguka kwenye chumba cha mtihani. Hospitali wamekuta sukari iko juu sana, na presha pia. Ana miaka kumi na sita. Daktari alimuuliza mama mtoto alianza kunenepa hivi lini, na mama akajibu kwa uhakika kwamba tangu kidato cha kwanza hajabadilika sana, sketi anayovaa ni ileile na inamtosha. Nesi aliyekuwa akiikunja sketi ndiye aliyemwonyesha lastiki.

"Ulijua?"

Fundi Kondo angeweza kusema alidhani ni mtindo. Badala yake alifungua daftari, akasoma. Ishirini na nane. Thelathini na moja. Thelathini na nne. Thelathini na nane. Arobaini na mbili. Sauti yake ilikuwa inazidi kushuka, namba ya mwisho Mwajabu aliisogelea aisome mwenyewe.

"Alfajiri anaondoka mie sijaamka," alisema Mwajabu. "Usiku namkuta na dera. Dera lina kipimo, fundi? Niliona kanawiri, sikujua kama bado anaendelea. Hii sketi ndiyo ingeniambia."

Fundi alisema alitaka tu mtoto asichekwe. Alisema na samahani, mara mbili.

"Itoe hiyo lastiki."

"Haitamfunga, mama."

"Najua haitamfunga. Itoe, nikampime na sketi yenyewe, nimwone mwanangu."

Fundi akachukua wembe, akaanza kufumua. Mishono ilikuwa imara kweli, alikuwa ameishona kwa moyo wake wote, na ilimchukua muda mrefu kuimaliza.