Siku za Eda na Rejeta Inayovuja

Harufu ya risasi ya kulehemu inayoyeyuka juu ya makaa ndiyo iliyotawala nyumba yetu kule Moa, mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa, katikati ya miaka ya hamsini. Ilipenya hadi kwenye mito ya kulalia, ikachanganyika na petroli na samaki waliokaangwa kwa jirani, mpaka nikaamini kwamba kila nyumba yenye baba hunuka hivyo. Gari lenyewe lilikaa uani chini ya banda la makuti: jeusi, la tangu kabla ya vita, matairi yameisha meno, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani. Baba alikuwa amemwendesha bwana mmoja wa shamba la mkonge, na yule bwana aliporudi kwao Ulaya alimwachia gari hilo kwa sababu, nadhani, alikosa mtu wa kulitupa. Baba alilipokea kama mtu aliyepewa cheo.

Ugonjwa wa kwanza wa gari ulikuwa rejeta. Maji ya kisima chetu yalikuwa ya chumvichumvi, hata sabuni ilikataa kutoa povu, na Baba alilinywesha gari maji hayohayo miaka miwili mpaka rejeta ikalika na kuanza kuvuja. Akahitaji kipande cha shaba cha kuzibia. Mama alikuwa na sufuria ya shaba aliyopewa na mamake siku ya arusi, ambayo haikupikiwa kitu ila wali wa Idi. Siku hiyo alirudi kutoka kisimani akaikuta sufuria haina kitako. Baba alikuwa amekikata kwa mkasi wa bati, kwa ustadi kabisa. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi lala na gari lako." Baba, ambaye siku zote alikuwa mpole kwa watu na mkali kwa vyuma, alipandwa na hasira akamtamkia talaka moja. Hasira hasara, lakini methali hukumbukwa mdomo ukishafunguka. Jioni ile Mama alipanda lori la nazi akaenda kwao Ngamiani, mjini Tanga, kukaa eda. Mimi nikaachwa na Baba.

Talaka moja haifungi mlango. Kabla eda haijaisha, na eda ni kama miezi mitatu, mume anaweza kumrejea mkewe kwa neno tu mbele ya mashahidi. Eda ikiisha, amekuwa mwanamume kama mwingine yeyote. Hayo kule Moa hata sisi watoto tuliyajua. Kilichoharibu mambo ni mjomba wangu, kaka yake Mama, aliyekuja kuchukua masanduku ya dadake. Alilizunguka gari letu mara mbili, akacheka, akasema, "Hili jeneza lina honi!" Baba akala kiapo pale pale kwamba hatakanyaga kwa wakwe zake kumrejea mkewe ila ndani ya gari lile, likinguruma. Basi nikaanza kuchora mistari ya mkaa nyuma ya mlango, mmoja kila siku.

Sijapata kupenda chombo kama nilivyolipenda gari lile kwa miezi ile mitatu, na lilikuwa pendo la woga. Nilishika skrubu za kabureta kwenye upindo wa gauni langu. Nilisugua plagi kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu. Nilijua kuuliza kama gari halina moto au halina petroli, maana Baba alinifundisha kwamba gari lisilowaka lina kasoro katika hayo mawili kwanza, mengine baadaye. Baada ya sala niliiombea rejeta, Mungu anisamehe. Na rejeta ikapona kweli; kile kiraka cha shaba kilishika vizuri. Lakini maji yakaendelea kupungua bila tone kuonekana chini, mpaka asubuhi moja Baba akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini na mafuta yakatoka meupe kama chai ya maziwa. Gaskiti, ile karatasi ngumu inayoziba maungio ya injini, ilikuwa imepasuka ndani, na maji yalikuwa yakiingia kwenye mafuta. Mpya ilipatikana Mombasa tu. Yeye akakata ya kwake kwa boksi la viatu, akaipaka sabuni.

Mistari ilipojaa mlango, shangazi yangu, dadake Baba, alikuja kutoka mjini. Hakukaa hata kunywa maji. "Kaka, kesho jioni mkeo anaoga, eda yake imekwisha. Mrejee. Neno halitaki petroli."

"Haraka haraka haina baraka," alijibu Baba, kichwa kikiwa ndani ya boneti.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema shangazi, akaondoka.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na gari likawaka. Nilivaa gauni la Idi nikakaa mbele kama bibi mkubwa. Tuliifikia barabara kuu ya Mombasa, tukashika upande wa Tanga, na kwa kitambo kidogo niliamini tutafika. Kisha moshi mweupe ukatoka nyuma, mvuke ukatoka mbele, injini ikagonga mara tatu na kunyamaza. Baba akakunja mikono ya kanzu. Saa nane hivi lori lilikuja kutoka upande wa Horohoro, likasimama.

"Shehe, pandeni, jua laenda hili," dereva aliita.

Baba alishukuru, akasema atafika na gari lake. Mimi nikaangua kilio nikayatoa yote: eda ya Mama inakwisha leo. Dereva alishuka, akamwita utingo wake, akavua kofia akaivaa tena. "Basi mrejee hapa hapa, bwana. Tu wawili, Waislamu, mashahidi wako. Mimi nitapita Ngamiani niwaambie."

Baba alitutazama. Midomo yake ilitikisika, naapa ilitikisika. Kisha akasema, "Sijafika," akainamia injini. Lori likaondoka, na jua likazama tungali barabarani. Kiburi chake ninakielewa. Kusamehe ndiko nisikokuweza.

Mama aliolewa mwaka uliofuata na fundi cherehani mpole, na nikawa mgeni nyumbani kwake. Uzeeni aliniambia kwamba Ijumaa ile alikaa barazani tangu adhuhuri, buibui kalivaa, mpaka maghrib ikaadhiniwa. "Angekuja kwa miguu," alisema, "ningerudi naye kwa miguu." Baba alikuwa ameshakufa, na nilishukuru kwamba hakuyasikia.

Siku hizi nina gari langu, na njia ile ni lami tupu. Nikitoka Moa baada ya chai, nafika Ngamiani kabla ya jua kuwa kali, wala sijawahi kufungua boneti njiani. Naipita ile nyumba ya babu, babake Mama, sasa inakaliwa na watu nisiowajua. Napunguza mwendo, natazama baraza tupu, naendelea.