Mgonjwa wa Wivine

Wapo watu wanaodhani kwamba mtu akikaribia kufa anageuka malaika. Watu hao hawajapata kumgeuza mgonjwa kitandani. Wivine naye alidhani hivyo hivyo, na tusimcheke sana, maana alikuwa msichana mdogo aliyetoka shule na diploma yake mkononi, na duniani alitaka kitu kimoja tu: kwenda Kinshasa kusomea udaktari.

Miaka ile kila kijana wa Lubumbashi alitakiwa kufanya salongo, kazi ya bure ya Jumamosi, kufyeka majani na kuzibua mitaro. Wivine na wenzake waliotamani udaktari wakaomba salongo yao waifanyie kwa masista wa mtaa wa Katuba, kwenye nyumba ya wagonjwa waliokatiwa tamaa na hospitali. Wenzake walikuwa wepesi wa kuanza. Walipogundua kwamba kule hakuna sindano bali kuna ndoo, matambara na harufu, ghafla wakakumbuka kuwa mitaro nayo inahitaji watu. Wivine akabaki peke yake.

Alipewa mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye migodi ya shaba ya serikali mpaka kifua kikamshinda. Mwanzoni alimhudumia kama anayefanya mtihani. Maumivu yalianza lini? Yanapanda au yanashuka? Mzee akamvumilia, halafu siku moja akachoka.

"Mama, ile maulizo yote ni ya nini? Kifua inajua kwenye inaenda. Ikala tu hapa."

Wivine akakaa. Hapo ndipo alipoanza kujifunza jambo ambalo hakuna mwalimu aliyemfundisha: kukaa karibu na mtu usiyeweza kumponya, bila kukimbia na bila kujitia shughuli. Alijifunza kumlaza ubavu unaomwachia pumzi, kumlowesha midomo, na kunyamaza. Alimfulia hata nguo. Akampenda yule mzee, tena kwa moyo wote.

Sasa, ilikuwa ni wakati ule majina ya ubatizo ya Kizungu yalipopigwa marufuku na serikali. Wivine mwenyewe shuleni aliitwa Chanda, jina la bibi yake mzaa mama. Jina la Wivine lilitajwa nyumbani tu, tena dirisha likiwa limefungwa. Mzee naye, kambini kwa kampuni ya migodi na hapo kitandani, alikuwa Citoyen Kabange, yaani Raia Kabange, na basi. Siku moja, wakiwa wawili tu chumbani, akamshika mkono.

"Mama, miye banibatizaka Donat. Tangu bakataze, hakuna muntu ananiita vile tena. Nitafika mbele ya Mungu na jina gani? Uniite Donat, hata pole pole."

"Baba, banakataza."

"Nani atasikia? Ni miye na weye tu."

Akamwita, "Baba Donat," na mzee akalia. Msichana akaona uchungu, na uchungu ukamfungua mdomo. "Sheria yenye inaogopa jina ya mugonjwa," akasema, "ile ni sheria gani?"

Mdomo uliponza kichwa. Haukupita muda akaitwa na Citoyen Mutale, mkuu wa chama pale mtaani. Bila neno zuri la Mutale hakuna kijana wa Katuba aliyepelekwa chuo, na Wivine alidhani ameitiwa neno hilo. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri. Mutale hakumkaribisha kiti.

"Citoyenne Chanda. 'Sheria yenye inaogopa jina ya mugonjwa, ile ni sheria gani?' Ni weye ulisema vile?"

Wivine akashtuka. Si kwa sababu Kinshasa ilikuwa imekwisha, ingawa ilikuwa imekwisha kweli, na Mutale hakuchelewa kumwambia hivyo. Ni kwa sababu maneno yale aliyasema mara moja tu, na yalisikiwa na sikio moja tu. Akaenda moja kwa moja kwa masista, na kitenge chake kizuri, akasimama mbele ya kitanda.

"Baba, ni weye?"

Mzee hakugeuza uso. "Ni miye."

"Juu ya nini?"

"Miye nikikufa, kampuni inatosha bibi yangu Brigitte na batoto mu nyumba, inabatupa inje. Mutale alisema: leta kitu, nitaongea na kampuni, na Brigitte atabakia. Sasa miye nilikuwa na kitu gani ya kuleta, hapa kitandani? Nilikuwa na weye tu."

Alisema bila aibu, kwa pumzi fupi fupi, akaongeza kwamba yeye Wivine ana miaka mingi mbele, atapata njia nyingine. Wivine alimchukia. Aliichukia mikono yake mwenyewe iliyomlowesha midomo mtu yule. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini wahenga hawakusema kwamba nguo zenyewe utakuwa umemfulia. Akatoka, hakurudi tena. Donat alipofariki hakwenda kilioni, na mama yake hakumlazimisha.

Mvua zilipoanza, Mama Brigitte, mjane wa Donat, akabisha mlangoni kwao. Kichwani alikuwa na godoro, na nyuma yake watoto wamelowa.

"Mutale alitutosha inje," akasema. "Ni shemeji yake aliingia mu nyumba."

Wivine alifurahi. Tusimfichie: alifurahi, na furaha ile ilikuwa chungu kinywani. "Sasa kwangu unatafuta nini?"

"Donat aliniambia: siku Mutale akikudanganya, enda kwa ule mutoto wa salongo."

"Alikuambia kitu alinifanyia?"

Mama Brigitte akainamisha macho, godoro likayumba. "Aliniambia yote. Alisema utakasirika sana, lakini hautatufukuza."

Wivine akashika mlango kwa mikono miwili. Kumbe siku zile zote alipodhani anamchunguza mgonjwa, mgonjwa alikuwa akimchunguza yeye. Alikuwa amejua kiasi gani cha wema kimo ndani yake, akauza sehemu, na sehemu akaiwekea familia yake akiba. Kwa dakika ile msichana alitamani kumfanya yule mzee awe mwongo kaburini mwake, na alilitamani jambo hilo kuliko alivyowahi kuitamani Kinshasa. Mvua ikazidi. Mtoto mdogo kuliko wote akapiga chafya.

Akapisha mlango, wakaingia.