Kisanduku Kisicho na Mstari

Nilikuwa na kiburi, nikiri tu. Miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kujaa madukani, mradi wetu wa kifua kikuu hapa Songea nao ulipata kompyuta, na mimi, karani niliyehamishwa kutoka Moshi, ndiye pekee niliyejua kuiwasha. Kazi yangu ilikuwa kuingiza kadi za wagonjwa na za watoto, kisha kuziunganisha. Kwenye kioo, mgonjwa alikuwa kisanduku, mtoto kisanduku, hata mama mzima wa afya kisanduku, na mstari kati yao ulionyesha nani ni mama wa nani. Kutokana na mistari hiyo ndiyo orodha ya manesi ilichapwa: mtoto mdogo aliyeunganishwa na mgonjwa alipelekewa dawa ya kinga. Asiye na mstari wa kwenda kwa mgonjwa hakufuatwa na mtu.

Siku moja, umeme ukiwa karibu kukatwa, programu ikanigomea. Mtoto mmoja wa kike, wa miaka miwili, alikuwa na mama wawili, mmoja wa mtaa wa Ruhuwiko, mzima wa afya, na mwingine wa mtaa wa Lizaboni, mgonjwa wetu. Mimi nilikuwa nimeipangia kwamba mtoto ana mama mmoja, basi. Nikasonya. Hawa manesi wanaandika ovyo, nikajisemea, nikafuta mstari wa yule wa Lizaboni kwa sababu wa Ruhuwiko ndiye aliyejifungua. Orodha ikatoka safi, nami nikajiona fundi kwelikweli.

Miezi miwili baadaye alikuja nesi mmoja mtu mzima, ambaye hata mganga mkuu alimwamkia shikamoo. Alitaka kuiona hiyo michoro niliyokuwa nikiitangaza kila mahali. Nikamfungulia, huku nikijishaua. Akafuata mistari kwa kidole, taratibu, mpaka kwenye kisanduku kimoja kilichokaa peke yake.

"Huyu wa Lizaboni mbona hana mtoto?"

"Hana, mama."

"Anaye. Nilimkuta amembeba mgongoni. Ni wa mdogo wake, lakini tangu aachishwe ziwa analala kwake. Mbona niliandika kwenye kadi?"

Mimi mwenyewe nimelelewa na mama mkubwa. Nilikuwa na mama wawili utoto wangu wote, na hata siku moja sikuona kwamba mmoja amezidi. Nilimwambia nesi nilichofanya. Alichukua mkoba wake akatoka, nami nikamfuata.

Tulikwenda kwa miguu, tukapita mtaa wa Mfaranyaki, yeye mbele, mimi nyuma. Nilitamani anitukane ili nipate hata cha kujitetea. Kila mtoto niliyemsikia akikohoa uani kwa watu, niligeuka kumtazama.

Huko Lizaboni tulimkuta mtoto amelala kwenye mkeka, shingo imekuwa nyembamba, macho makubwa. Alikuwa akikohoa kwa wiki ya tatu. Mama yake wa Lizaboni, ambaye mwenyewe alishaanza kupata nafuu kwa dawa, alisema alidhani ni mafua. Nesi alimnyanyua mtoto hapo hapo tukaenda naye hospitali, na wa Ruhuwiko akaitwa.

Wiki mbili nilipitia wodini kila asubuhi kabla ya kufungua ofisi. Nilikuwa naogopa. Mlangoni nilisimama kwanza, nikatafuta kile kitanda kwa macho, nikahakikisha kina mtu, ndipo nikaingia. Wale mama wawili walinishukuru kwa kuwajali, na shukrani hiyo ilinichoma kuliko tusi.

Asubuhi mtoto alipokaa mwenyewe akaomba uji, nilishindwa kuendelea kunyamaza. Niliwaeleza yote: visanduku, mistari, jinsi nilivyoona mama wawili ni makosa, nikamfuta mmoja. Aliyemzaa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote:

"Karani, ulimfuta yupi kati yetu?"

Nilinyoosha kidole kwa dada yake, aliyekuwa amempakata mtoto, anampozea uji.